Usukani Mpya kwenye Boti Kuukuu ya Kusafiri kwa Tanga: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutoboa

Usukani mpya ukifungwa na mambo yasiende sawa, lawama ya kwanza huangukia usukani wenyewe: kipimo kilikosewa, mbao haikukauka, kiwanda kimetuma kitu kibovu. Mara nyingi chanzo kiko kwenye boti. Usukani wa zamani na boti vilichakaa pamoja kwa miaka mingi. Pini za usukani zililika upande uleule ulikolika mashimo yake kwenye boti, na kila kimoja kikaizoea kasoro ya mwenzake. Ukifunga usukani ulionyooka kwenye boti ya namna hiyo, kasoro iliyojificha miaka yote inajitokeza siku ya kwanza. Kwa hiyo pima boti kwanza. Tundu lililotobolewa mahali pasipofaa kwenye ukuta wa nyuma huchukua dakika moja kulitoboa na siku nzima kulirekebisha.

Mwongozo huu unahusu hasa boti ndogo zenye usukani unaoning'inia nje, kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Usukani ambao mhimili wake unapita ndani ya boti una sehemu yake karibu na mwisho, kwa sababu hatari zake ni nyingine.

Ili tuelewane: rumada ni vikuku vya chuma vilivyofungwa kwenye ukuta wa tezi. Pini ni vyuma vya usukani vinavyoingia ndani ya rumada. Kuna boti ambazo pini ziko kwenye tezi na vikuku viko kwenye usukani, kanuni hazibadiliki. Kana ni mkono unaoushika, kichwa ni sehemu ya juu inayobeba kana, na bapa ni sehemu inayozama majini.

DALILI: PINI HAZIINGII KWENYE RUMADA

Anza na mambo mepesi. Ingiza kitambaa kwenye mashimo ya rumada uyasafishe. Rangi ya zamani, gundi iliyoganda na chumvi hupunguza tundu kiasi cha kuizuia pini isiingie. Kwenye pini nazo tazama makali madogo yaliyobaki baada ya kukatwa, uyaondoe kwa tupa laini.

Kama bado hazikubali, sababu huwa mojawapo ya hizi, kuanzia ile inayotokea zaidi.

Umbali kati ya pini ya juu na ya chini haulingani na umbali kati ya rumada. Usiupime kwa macho, wala usipime kutoka ukingo wa bamba moja hadi ukingo wa jingine. Pima kutoka uso wa juu wa rumada ya juu hadi uso wa juu wa rumada ya chini, kisha upime mabega ya pini, yaani pale pini inapokalia rumada. Tofauti ya milimita 2 au 3 si shida ya kufunga. Ni shida ya uzito, kwa sababu rumada moja tu ndiyo itakayobeba usukani wote. Weka washa (pete bapa) ya plastiki ngumu chini ya bega lililobaki hewani hadi yote mawili yakae. Tofauti ikizidi hapo, hamisha pini kwenye usukani. Rumada ziache zilipo, maana usukani ni rahisi kuubadilisha kuliko boti.

Sababu ya pili huwasumbua wengi wenye boti za zamani, nayo ni inchi na milimita. Boti nyingi za miaka ya nyuma zilifungwa vyuma vya inchi, na vipuri vingi vya leo ni vya milimita. Inchi 1/4 ni milimita 6.35, kwa hiyo pini ya milimita 6 itaingia lakini itacheza. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, pini ya milimita 8 itagoma, au itaingia kwa kulazimishwa kisha ikwame. Inchi 3/8 ni milimita 9.53, na pini ya milimita 10 haina njia. Chukua kalipa (kifaa cha kupimia unene), pima pini na tundu, uandike namba zote mbili. Ukikuta umechanganya mifumo, badilisha pini au rumada ziwe za mfumo mmoja. Kupanua tundu la rumada kunakubalika tu ikiwa chuma kilichozunguka tundu kinabaki kinene vya kutosha, na kwenye rumada nyembamba za bati lililokunjwa huwa hakibaki.

Sababu ya tatu ni rumada iliyopinda kwa kugonga gati au mchanga. Hii hujulikana kwa jaribio ninalolithamini kuliko mengine yote katika kazi hii. Tafuta fimbo ya chuma ya mviringo iliyonyooka, yenye unene wa pini, ndefu kuliko umbali wa rumada zote. Ipitishe kwenye rumada ya juu uishushe hadi ya chini. Ikipita bila kusukumwa na ikazunguka kwa vidole viwili, rumada zako ziko kwenye mstari mmoja. Ikigonga ukingo wa rumada ya chini, umepata kasoro, na umepata pia upande inakoelekea. Mlango wenye bawaba zisizolingana hufungwa kwa nguvu na hutanua misumari yake kidogo kidogo. Rumada hufanya hivyo hivyo kwa bolti zake.

Rumada iliyotoka mstarini kuelekea mbele au nyuma hurekebishwa kwa kuweka kipande cha faibaglasi iliyoshindiliwa au plastiki ngumu nyuma ya bamba lake. Iliyotoka kwenda kushoto au kulia inabidi ifunguliwe, matundu ya zamani yazibwe, na ifungwe upya ikiwa bado imevaa ile fimbo. Usijaribu kuinyoosha kwa nyundo ikiwa ukutani. Nguvu ya nyundo huishia kwenye ukuta wa boti, na nyufa zake huonekana baadaye, maji yakishaingia.

DALILI: USUKANI UNAGEUKA KWA SHIDA HATA BOTI IKIWA NCHI KAVU

Ondoa kana, shika bapa kwa mkono, ligeuze polepole kutoka upande hadi upande. Sikiliza ugumu uko wapi.

Kama ni mgumu mwendo wote kwa kiasi kilekile, rumada haziko kwenye mstari mmoja au pini imebana kwenye tundu. Rudi kwenye fimbo. Kama ni mwepesi katikati na mgumu pembeni, kitu kinagusa: kona ya mbele ya kichwa inagonga ukuta wa tezi, au vichwa vya bolti vya rumada vinakwaruza. Paka chaki kwenye sehemu unazozishuku, geuza usukani mara chache, kisha tazama chaki imefutika wapi. Huu ni ugonjwa wa kawaida wa usukani uliotengenezwa kwa ajili ya boti nyingine, kwa sababu mlalo wa ukuta wa tezi haufanani kati ya boti na boti.

Kama uligeuka vizuri siku ya kwanza na ukawa mgumu baada ya boti kukaa majini, shuku bushi za nailoni, yaani vibomba vidogo vinavyovishwa kati ya pini na rumada. Nailoni hunywa maji na kuvimba. Bushi iliyobana sawasawa ikiwa kavu itaikaba pini ikilowa. Ipanue kidogo kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, au ibadilishe kwa plastiki ya asetali, ambayo hunywa maji kidogo sana. Grisi haitibu bushi iliyovimba. Inaficha tatizo kwa siku chache, kisha inakusanya mchanga.

DALILI: USUKANI NI MWEPESI NCHI KAVU LAKINI UNAKUWA MZITO UKISAFIRI

Hapa ndipo penye malalamiko mengi kuliko kwingine, na hapa ndipo watu hununua kana ndefu zaidi ili wasiusikie ugonjwa. Nakusihi usianze na kana. Kana ndefu huongeza nguvu inayofika kwenye kichwa na rumada, na chanzo kinabaki palepale.

Sababu ya kwanza, na iko mbele kwa mbali: bapa limelala nyuma. Maji hulisukuma bapa kana kwamba yanagusa sehemu moja tu, na sehemu hiyo ikiwa mbali nyuma ya mstari wa pini, mkono wako ndio unaoishikilia. Bapa likisimama sambamba na mstari wa pini, umbali huo ni mdogo. Likilala nyuma kidogo tu, umbali unakua haraka. Kwa bapa la sentimita 60, kila digrii moja ya kulala husogeza ncha yake kwa takriban milimita 10. Digrii 10 ni zaidi ya sentimita 10, na hapo mkono unachoka mapema.

Pima hivi. Boti ikiwa nchi kavu na usukani umefungwa, vuta uzi kufuata mstari wa pini, uurefushe hadi usawa wa ncha ya bapa. Pima umbali kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa bapa, juu kisha chini. Kwenye usukani wa kawaida vipimo hivyo viwili vinapaswa kukaribiana. Cha chini kikizidi sana cha juu, bapa limelala.

Kwenye usukani wenye bapa la kukunjuka, kulala huko mara nyingi kunatokana na kamba ya kulishushia. Kamba imevutika, au imefungwa kwenye kishikio kinachoteleza, au kituo, yaani kizuio cha bapa, ndani ya kichwa kimelika. Lifunge bapa, kisha mtu mmoja alivute kuelekea nyuma kwa nguvu wakati wewe unatazama. Likisogea nchi kavu, baharini litasogea zaidi, kwa sababu nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa) hadi noti 6, msukumo ni mara nne. Badilisha kamba kwa ile isiyovutika na ukague kituo. Kwa bapa la mbao, ambalo huelea, kamba hii si ya hiari.

Kwenye usukani wa kipande kimoja, kulala huko kunatokana na jinsi pini zilivyofungwa. Weka kipande chembamba nyuma ya bamba la pini ya chini au ya juu, kutegemea unataka bapa liende wapi, kisha pima tena kwa uzi. Fanya kwa vipande vya milimita 2 au 3 kwa wakati mmoja. Baada ya kila kipande geuza bapa kwa mkono usikilize kama linabana, kwa sababu pini zenyewe nazo zinaweza kutoka mstarini ukizisogeza moja moja.

Sababu ya pili haiko kwenye usukani kabisa, nayo ni tanga. Boti ikilala sana upande mmoja, au tanga kuu likivutwa kupita kiasi, boti hujigeuza kuelekea upepo na usukani hutumika kuizuia. Kabla ya kulaumu kazi yako ya mikono, legeza tanga kuu kidogo, isimamishe boti, usikilize kana. Ikiwa uzito umeisha, acha spana kwenye sanduku. Mlingoti ulioegemea nyuma kupita kiasi huleta matokeo hayohayo, na boti kuukuu zenye kamba za mlingoti zilizovutika hufika huko bila mwenyewe kujua. Uzito mdogo wa kana unaoielekeza boti kwenye upepo ni jambo jema: ukiiachia kana, boti inageuka na kusimama. Usijitahidi kuuondoa wote.

Sababu ya tatu ni umbo la bapa. Bapa lililotengenezwa kwa ubao bapa tupu, bila kuchongwa, huvuta na kupoteza nguvu mapema. Bapa zuri huwa na ukingo wa mbele wa mviringo, unene mkubwa kabisa kwenye takriban asilimia 30 ya upana kutoka mbele, kisha hupungua taratibu kuelekea nyuma. Tengeneza kiolezo cha karatasi ngumu cha nusu ya umbo, ukiweke upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Pande mbili zisipofanana, boti itavuta upande mmoja hata katika upepo mwanana.

DALILI: KANA INAKIMBIA MKONONI

Hii ni kinyume cha hiyo iliyotangulia, na inaogofya zaidi. Ukigeuza kidogo, usukani unataka kwenda mpaka mwisho wenyewe. Maana yake sehemu kubwa mno ya bapa iko mbele ya mstari wa pini. Hutokea mtu anapojaribu kutibu usukani mzito kwa kulisukuma bapa mbele bila kupima, au anapofunga usukani wenye mizania, yaani ambao sehemu ya bapa lake hukaa mbele ya mstari wa pini, kwenye boti ambayo mlalo wa tezi yake unaliongeza bapa mbele. Eneo lililo mbele ya mstari kwa kawaida halizidi asilimia 20 ya bapa lote. Lirudishe bapa nyuma hatua kwa hatua kwa uzi na vipande vyembamba, kama ilivyoelezwa juu. Boti yenye kasoro hii usiitoe kwenye upepo mkali hata kwa kujaribu tu.

DALILI: USUKANI UNACHEZA NA KUGONGA

Shika ncha ya bapa, isukume kushoto na kulia, huku mwenzako akiwa ameweka vidole kwenye rumada, kisha kwenye kichwa, kisha kwenye kana. Kidole kitasikia kabla ya jicho kuona. Ukigundua mchezo uko wapi, tiba ni nyepesi.

Mara nyingi mchezo uko kwenye bolti ya kana au kati ya kana na kichwa. Kaza, au weka washa nyembamba pande zote mbili. Mchezo ukiwa kwenye bolti ambayo bapa hukunjukia, kaza taratibu hadi bapa lisicheze lakini bado likunjuke kwa mkono. Ukiwa kati ya pini na rumada, weka bushi. Bushi zikishindikana, badilisha rumada zote mbili kwa pamoja, maana mpya ikifungwa na kuukuu mstari hupotea tena.

Lakini bamba zima la rumada likitikisika ukutani, usiishie kukaza nati. Nenda kwenye sehemu ya ukuta wa tezi hapa chini.

DALILI: USUKANI UNAVUMA AU UNATETEMEKA

Mvumo unaoanza kwenye mwendo fulani na kupanda kadiri boti inavyokwenda kasi karibu kila mara hutoka kwenye ukingo wa nyuma wa bapa. Ukingo mnene wa mviringo huachia maji kwa mapigo, upande huu kisha upande ule, na bapa huyaitikia. Punguza ukingo huo hadi unene wa milimita 2 au 3, uukate uwe bapa wenye kona kali. Mvumo ukibaki, ukate mshazari upande mmoja tu, kwa pembe ya digrii 30 hadi 45. Wengi hudhani kuulainisha ukingo mviringo kunasaidia, kunazidisha. Ukingo wa mbele ndio unaotakiwa mviringo.

Baada ya hapo shuku mchezo kwenye pini, uchafu wa majani au kamba iliyonasa, na mwishowe bapa ambalo ni laini mno kwa boti yake. Mtetemo ulioanza ghafla kwenye usukani uliokuwa kimya ni jambo jingine. Shusha tanga, tazama ufa shingoni, pale bapa linapoingia kwenye kichwa.

DALILI: UNAGEUZA KANA NA BOTI HAISIKII

Tazama kwanza kama bapa limeshuka lote. Kisha jiulize unageuza kwa pembe gani. Usukani hufanya kazi kwa maji yanayoambaa pande zote mbili za bapa. Kuanzia takriban digrii 15, kutegemea umbo, maji huanza kuachana na upande mmoja, na ukiongeza pembe unapata breki badala ya kugeuka. Rudisha kana karibu na katikati, acha maji yashike tena, ndipo ugeuze kidogo kidogo.

Usukani ukipotea hasa boti ikiwa imelala upande, na ukaona povu likishuka kando ya bapa, basi hewa inanyonywa kutoka juu. Punguza kulala kwa boti, hakikisha sehemu ya kutosha ya bapa iko majini, na lainisha ukingo wa mbele usiwe na mashimo wala matuta pale unapokata uso wa maji. Bapa fupi kuliko la awali litafanya hivi bila dawa, na hapo suluhisho ni kupata bapa lenye urefu wa lile la zamani. Usipitilize: bapa lisilokunjuka likizidi kina cha mkuku (uti wa chini wa boti) ndilo litakalotangulia kugonga chini.

DALILI: MAJI YANAINGIA KWENYE BOLTI, AU UKUTA WA TEZI UNA NYUFA

Kuta nyingi za tezi kwenye boti kuukuu za faibaglasi zina plaiwudi katikati. Maji yakipita kwenye tundu la bolti, plaiwudi huoza ndani huku nje kukionekana kuzima. Gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbali ukisogea kwenye rumada. Sauti kavu yenye mlio ni nzuri. Ikigeuka nzito na bubu, pameoza au tabaka zimeachana. Fungua bolti moja utazame kinachotoka nayo: mbao nyeusi yenye unyevu haihitaji ushahidi mwingine.

Kama uozo haupo na shida ni uvujaji tu, fanya hivi. Ondoa rumada, safisha matundu, yapanue kuliko bolti. Kwa bolti ya milimita 6 toboa milimita 10. Jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa kuipa uzito, iache igande kabisa kama maelekezo yake yanavyosema, kisha toboa milimita 6 katikati. Sasa bolti inapita kwenye epoksi tupu na mbao haiguswi na maji tena. Tumia bolti zinazopita hadi ndani zenye bamba au washa pana nyuma yake. Skrubu zilizochimbiwa ukutani hazifai kubeba usukani. Paka gundi ya kuzibia ya polisalfaidi au poliurithani chini ya bamba na shingoni mwa bolti, kaza kiasi, acha ishike, kisha maliza kukaza. Poliurithani za nguvu sana huufanya uondoaji wa baadaye uwe wa kubomoa, kwa hiyo chagua aina inayokubali kufunguliwa. Silikoni ninaiepuka hapa: mabaki yake hufanya rangi na epoksi zisishike.

Kuhusu vyuma: kwenye maji ya chumvi tumia stenlesi ya daraja la 316. Nati za stenlesi hung'ang'ania kwenye bolti za stenlesi zikikazwa haraka, kwa hiyo paka grisi kwenye nyuzi na kaza kwa mkono bila mashine. Pini za shaba usizifunge kwenye kichwa cha alumini. Maji ya chumvi yatakula alumini. Hata stenlesi na alumini vinapokutana, tenganisha kwa washa ya plastiki na grisi ya kuzuia kutu.

Acha na umwite fundi wa faibaglasi ikiwa: sauti bubu imeenea kupita eneo la mabamba, ukuta unabonyea ukisukumwa kwa mkono, au nyufa zinatoka kwenye rumada kwenda kona za boti. Kufunga usukani mpya kwenye ukuta uliooza ni kuuandaa ung'oke na ukuta wake.

DALILI: BAPA LINADONDOSHA MAJI YA KAHAWIA

Hii huwapata hasa walionunua usukani uliokwisha kutumika. Bapa la faibaglasi lenye povu gumu ndani hunywa maji kupitia shingo, pale chuma kinapoingia. Maji safi yanaweza kukaushwa: toboa tundu dogo chini, ning'iniza bapa mahali penye hewa kwa wiki kadhaa, kisha ziba kwa epoksi. Maji yenye kutu ni habari nyingine. Ndani ya mabapa mengi kuna vyuma vilivyochomelewa kwenye mhimili ili kulishika bapa. Stenlesi inahitaji hewa ili ijilinde. Ikizungukwa na maji yaliyotuama hulika kwenye nyufa ndogo, na kwenye maungio ndiko huanzia. Nje huoni chochote hadi siku mhimili unapogeuka na bapa likabaki.

Shika bapa imara, geuza mhimili au kichwa kwa nguvu. Kikisogea peke yake hata kidogo, usukani huo usifungwe. Kulifungua bapa na kuchomelea upya ni kazi ya mchomeleaji anayejua vyuma vya baharini.

DALILI: USUKANI UNACHOMOKA

Usukani wa kuning'inia unashikiliwa na uzito wake tu, isipokuwa umeufungia. Boti ikipinduka, au bapa likigonga chini, unaruka. Weka kibanio cha chuma chembamba chenye springi juu ya rumada, au pini ndefu yenye tundu la kotapini (waya wa kupinda unaozuia pini isitoke). Na funga kamba fupi kati ya kichwa na boti. Usukani ulioanguka majini boti ikiwa na mwendo huachwa nyuma haraka kuliko unavyodhani. Kurahisisha uvishaji, pini ya chini iwe ndefu kidogo kuliko ya juu, ili uanze na moja kisha nyingine ifuate.

USUKANI WENYE MHIMILI UNAOPITA NDANI YA BOTI

Dalili ni zilezile, lakini sababu zina mpangilio mwingine. Mgumu baada ya kukaa majini: bushi za nailoni zimevimba. Mgumu kwenye pembe moja na mwepesi kwenye nyingine: mhimili umepinda. Huu haunyooshwi nyumbani. Chuma kilichopinda na kunyooshwa kimedhoofika, na karakana pekee ndiyo inayoweza kukipima. Kana inacheza lakini bapa limetulia: kabari au bolti ya kubania kichwani imelika.

Kabla ya kuufungua, weka magogo au jeki chini ya bapa. Ukilegeza kishikio cha juu, usukani wote unashuka, na uzito wake unatosha kuvunja mguu. Boti nyingi zinahitaji kuinuliwa juu zaidi au kuchimbiwa shimo chini ili mhimili utoke. Vishikizo vinavyoiegemeza boti visiguswe na mtu asiye na ujuzi huo.

Bomba ambalo mhimili hupita ndani yake likiwa na ufa au likitikisika kwenye sakafu ya boti, acha kila kitu. Hapo kuna tundu chini ya usawa wa maji, na kosa dogo la kuziba linaizamisha boti. Ni kazi ya fundi, na boti isirudi majini kabla hajaikagua.

SAFARI YA KWANZA YA MAJARIBIO

Chagua upepo mwanana na maji yenye kina cha kutosha kwa bapa jipya. Nenda na chombo kingine karibu, na beba kasia refu lenye mahali pa kulifungia nyuma. Usukani ukishindwa, kasia hilo na matanga yaliyopunguzwa vitakurudisha. Geuza pande zote mbili kwa mwendo mdogo, halafu ongeza. Ukirudi, kabla ya kukunja tanga, shika kila nati ya rumada kwa mkono na ukague ndani ya ukuta wa tezi kwa tochi. Bolti mpya hutulia baada ya mzigo wa kwanza na nati hulegea. Zikaze, kisha uzikague tena baada ya safari chache zinazofuata, na ukikuta ileile imelegea kila mara, toa usukani na upitishe ile fimbo kwenye rumada upya.